Wangu wa Makeri: Bibi Chifu Aliyepimwa kwa Mizani Mbili

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Murang'a na Karatina mpaka Nyeri, Chaka na Nanyuki, lipo jina moja ambalo halikawii kutajwa pindi mwanamke anaposimama kidete mbele ya wanaume. Awe ni mwalimu mkuu aliyewaamuru walimu wa kiume wafike kazini kwa wakati, awe ni mchuuzi aliyekataa kupunjwa bei ya viazi vyake, awe ni mke aliyetaka kujua mshahara wa mumewe umekwenda wapi, hatakosekana mtu wa kumpachika jina la Wangu wa Makeri. Jina hilo hutolewa kwa kicheko, lakini ndani ya kicheko mna mwiba. Anayelitoa ana maana kuwa bibi huyo amevuka mpaka, na kwamba mwisho wake utakuwa kama mwisho wa yule wa kwanza.

Je, huyo wa kwanza alikuwa nani? Wengi wetu huku pwani tumelisikia jina hilo kwa mbali, na wako wadhanio kuwa ni hadithi tu za paukwa pakawa. Sivyo. Wangu wa Makeri alikuwa binadamu kama sisi, aliyezaliwa, akaolewa, akazaa, na akashika madaraka ya serikali katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakati ambapo katika nchi nzima ya Wakikuyu hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye cheo kama chake. Alitawala kwa muda wa miaka saba hivi, kisha akaanguka kwa sababu ya ngoma. Maisha yake yafaa kusimuliwa upya, si kwa ajili ya kumpamba, kwani alikuwa na makosa yake makubwa, bali ili tutazame ni makosa gani yaliyomwangusha, na ni yapi ambayo hakuna aliyemuuliza.

NCHI ISIYOKUWA NA MACHIFU

Wangu alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika nchi ya Murang'a, kwenye vilima vinavyoteremka kutoka milima ya Nyandarua kuelekea mto Sagana. Nchi hiyo ni ya kupanda na kushuka. Kila kilima kina mto wake upande huu na mto mwingine upande wa pili, na zamani kila kilima kilikuwa kama dola ndogo ya watu wake.

Msomaji wa pwani, aliyezoea habari za masultani, maliwali na mamudiri, huenda akauliza ni nani aliyekuwa mfalme wa watu hao. Jawabu ni kuwa hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa kiama. Mtu aliingia humo kwa umri wake na kwa kutoa mbuzi, na kila baada ya miaka mingi kizazi kimoja kilikikabidhi kizazi kingine mamlaka kwa sherehe kubwa iliyoitwa ituika. Alikuwapo mtu mwenye busara, au mwenye mali, au mganga mashuhuri, ambaye neno lake lilisikizwa kuliko la wengine. Lakini hakuwapo mtu mmoja aliyeweza kumtuma mwenzake amletee kodi, au kumfunga kwa kuwa hakuileta.

Jambo hili tuliweke akilini, kwani litatufaa mbele.

Wanawake nao walikuwa na mabaraza yao, yaliyoshughulika na mambo ya wasichana, uzazi na adabu za nyumbani. Hawakuketi katika kiama. Lakini isidhaniwe kuwa walikuwa watu wa kufungiwa ndani. Shamba lilikuwa mikononi mwao, ghala la mtama na maharagwe lilikuwa chini ya ulinzi wao, na biashara ya vyakula ilikuwa yao. Hata nyakati ambazo vijana wa Kikuyu na wa Kimaasai walikuwa wakipigana na kuibiana ng'ombe, wanawake wa pande mbili waliendelea kukutana mipakani wakibadilishana nafaka kwa ngozi, wala hakuna aliyewagusa. Misafara ya watu wetu wa pwani ilipoanza kupita pembezoni mwa nchi hiyo ikitafuta chakula, vyakula ilivyovinunua vilikuwa vimelimwa na mikono ya akina mama hao.

Kadhalika, Wakikuyu wana hadithi yao ya kale isemayo kuwa hapo zamani za zamani wanawake ndio waliokuwa watawala. Koo zao kuu zinaitwa kwa majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, kina Wanjiru, Wambui, Wangari na ndugu zao. Husimuliwa kuwa utawala wa wanawake hao ulizidi ukali, wanaume wakafanya njama, wakawapa mimba wakuu wote kwa wakati mmoja, na walipokuwa wazito hawawezi kupigana wakawapokonya madaraka. Wanaume walitaka pia kubadili majina ya koo, wanawake wakakataa katakata, wakatishia kuacha kuzaa. Hivyo majina yakabaki, mamlaka yakaondoka. Jomo Kenyatta aliiandika hadithi hiyo katika kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938.

Hapa ndipo mkorogo unapoanzia. Watu wengi wameichukua hadithi hiyo ya kale wakambandika nayo Wangu, hata wakasema yeye ndiye aliyekuwa malkia wa wanawake wale wa zamani. Huyo ni mtu wa karne ya 20, aliyetawala wakati reli imekwisha kufika Nairobi na Kisumu. Lakini hadithi ikipendeza haitazami kalenda.

WAGENI WAINGIA

Mwaka 1898 alifika katika nchi ya Murang'a Mwingereza mmoja mfanyabiashara, John Boyes, akafanya urafiki na mtu mashuhuri aliyeitwa Karuri wa Gakure, wa huko Tuthu karibu na msitu wa Nyandarua. Karuri alikuwa mganga aliyeogopwa na mtu mwenye akili nyepesi ya kuona upepo unakoelekea. Boyes alipata bunduki na watu, Karuri akapata nguvu juu ya wapinzani wake. Huyo Boyes baadaye alijiita mfalme wa Wakikuyu, na serikali ya Kiingereza ikamkamata.

Baada yake ikaja serikali yenyewe. Mwaka 1900 Francis Hall alijenga ngome mahali paitwapo Mbiri. Mwaka uliofuata alifariki, na ngome ikaitwa Fort Hall kwa jina lake. Mji huo ndio sasa uitwao Murang'a. Pamoja na Wazungu walifika watu wa pwani, askari, makarani, wapagazi na wauza nguo, na miongoni mwao wako waliolowea huko huko, wakaoa, wakajenga misikiti. Hivyo hadithi hii si ya watu wa mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Serikali ilihitaji kodi, na kodi ilihitaji mtu wa kuikusanya. Huku pwani Waingereza waliwakuta maliwali na makadhi wa Sultani, wakawatumia hao hao. Kule mlimani hawakukuta chifu, basi wakawatengeneza. Kiambu walimpa ukubwa Kinyanjui wa Gathirimu, ambaye kabla ya hapo hakuwa mzee wa kutajwa. Murang'a walimpa ukubwa Karuri. Na hawa nao wakawachagua wadogo zao wa kusimamia kila sehemu.

Kodi yenyewe ilikuwa kodi ya kibanda, iliyoanzishwa mwaka 1901 na kutakiwa kwa rupia. Kwa mila ya Wakikuyu kila mke ana nyumba yake, basi mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba za wake watatu. Asiye na rupia aliuza mbuzi, na asiye na mbuzi alikwenda kuzitafuta rupia kwa kazi ya mikono mashambani kwa walowezi. Ndipo tuone kuwa kodi hiyo, ingawa aliyedaiwa alikuwa mwanamume, ilipimwa kwa nyumba za wanawake. Mume akiondoka, shamba zima humwangukia mke aliyebaki.

MKE WA MAKERI APEWA MADARAKA

Wangu alikuwa ameolewa na Makeri wa Mbogo, wa Weithaga. Weithaga iko katika vilima vya magharibi mwa mji wa Murang'a, na Karuri alipokuwa akitoka kwake Tuthu kwenda ngomeni kuonana na wakubwa wa serikali, nyumba ya Makeri ilikuwa kituo chake cha kupumzikia. Wenyeji husimulia kuwa Karuri alimtaka Makeri mwenyewe awe mkubwa wa Weithaga, naye akakataa, ndipo Karuri akamgeukia mkewe. Husimuliwa pia kuwa baina ya Karuri na bibi huyo palikuwa na mapenzi. Waliosimulia hayo wameyasimulia kwa utamu mwingi, na msomaji atambue kuwa hakuna chifu wa kiume wa zama hizo ambaye kuteuliwa kwake kumeelezwa kwa habari za chumbani.

Lililo wazi ni kwamba mnamo mwaka 1902 Wangu alishika usimamizi wa Weithaga. Serikali ilikiita cheo hicho uzee wa kijiji, lakini watu walikiona kuwa ni uchifu, na ndivyo wanavyokiita hata leo. Umri wake wakati huo ulikuwa umekwisha pita miaka arobaini. Hakuwa msichana wa kuchezewa. Alikuwa mama wa watoto, mjuzi wa mashamba na wa watu wake, aliyezijua nyumba za Weithaga na aliyejua ni nani ana mbuzi na ni nani anasema hana.

Kazi yake ilikuwa ile ile ya wenziwe wa kiume: kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi za serikali, kusikiliza mashauri na kutoza faini. Aliifanya kwa mkono mzito. Wazee ambao maisha yao yote walizoea kuwa mashauri huamuliwa barazani kwa kushauriana, na kwamba mwanamke haketi katika baraza hilo, waliona wakiitwa mbele ya bibi na kuhukumiwa naye. Na kuna jambo moja ambalo hakuna asimuliaye habari za Wangu akaliacha. Mwanamume aliyeshindwa kulipa kodi, au aliyekaidi amri yake, aliamriwa apige magoti na kuweka mikono chini, naye Wangu humkalia mgongoni kama kiti huku akiendelea na baraza lake.

Tulitazame jambo hili bila ya kulipunguza. Ilikuwa ni dhuluma. Mtu kukosa rupia katika nchi ambayo miaka michache nyuma haikuijua rupia si kosa la kumfanya mtu kigoda. Yule aliyekaliwa alikuwa na mke na watoto waliomtazama. Aibu ile haikuwa yake peke yake, na haikusahauliwa. Anayemsifu Wangu leo kuwa ni shujaa wa wanawake, akakipita kisa hicho kama asiyekiona, hamtendei haki yule maskini aliyeinama.

Lakini haki ina pande mbili. Machifu wa kiume wa siku zile walifanya nini? Walichukua mbuzi na mashamba ya watu, walituma vijana wao kuingia majumbani, walitandika viboko, walichukua wasichana kwa nguvu na kuwapeleka kufanya kazi kwa walowezi. Hayo si maneno ya kubuni. Ndiyo yaliyokuja kuwa malalamiko makubwa ya Wakikuyu mbele ya serikali katika miaka ya 1920. Na wengi wa machifu hao walikufa wakiwa katika vyeo vyao, wakazikwa kwa heshima, na watoto wao wakarithi. Hakuna hata mmoja ambaye jina lake limekuwa tusi la kuwatishia wanaume wote wa mlimani wasitake madaraka.

NGOMA YA KIBATA

Mwaka 1909 ndipo mambo ya Wangu yalipoharibika. Palikuwa na ngoma iliyoitwa kibata. Ngoma hiyo ilikuwa ya wanaume, ya mashujaa na wenye zamu ya kutawala, na mwanamke hakuwa na nafasi ndani ya duara lake. Husimuliwa kuwa siku hiyo Karuri alikuwapo, naye Wangu akaingia uwanjani akacheza pamoja naye mbele ya watu wote. Wako wasemao kuwa katika kucheza huko nguo ilimponyoka akabaki mtupu. Basi ikawa fedheha kubwa, maneno yakavuma kilima hadi kilima, na Wangu akauacha uchifu.

Hebu tulipime neno hili kwa utulivu. Kwa miaka saba bibi huyu alikusanya kodi nzito, alihukumu, alikalia migongo ya watu wazima. Katika muda huo wote hakuondolewa, kwa kuwa rupia zilikuwa zikifika ngomeni, na hilo ndilo lililotakiwa na waliomweka. Lililomwondoa ni ngoma. Dhuluma haikumwondoa, aibu ya mwanamke ikamwondoa. Na Karuri aliyecheza naye? Karuri alibaki chifu mkuu mpaka alipofariki mwaka 1916. Ikiwa ngoma ile ilikuwa haramu kwa mila, walioicheza walikuwa wawili. Ikiwa kuvunjwa kwa mila ndiko kulikowaudhi watu, basi mila ya kwanza iliyovunjwa ilikuwa ile ya kutokuwa na chifu kabisa, na hiyo waliivunja wanaume kabla ya Wangu kupewa chochote. Kiti alichokalia hakikuwa kiti cha mababu, awe amekikalia mwanamume au mwanamke. Lakini wanaume walipokikalia kikaitwa kiti cha heshima, na mwanamke alipokikalia pakakumbukwa mila.

Hii ndiyo mizani mbili. Mfanyabiashara wetu wa zamani alijua kuwa mwenye mizani mbili dukani, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, hana biashara bali ana wizi. Na Kurani Tukufu imekemea wapunjao vipimo kwa makemeo makali. Haiwi kuwa kupunja ni haramu katika mchele na halali katika kuwahukumu watu.

NGOMA NYINGINE, NGUO NYINGINE

Miaka minne tu baada ya Wangu kuanguka, huku kwetu pwani mwanamke mwingine aliingia uwanjani akacheza. Huyo alikuwa Mekatilili wa Menza wa Wagiriama. Serikali ilikuwa ikitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi mashambani na ikitaka kodi. Mwaka 1913 Mekatilili alipita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba ambayo wanawake walikuwa na haki nayo, na watu wakamfuata, na mwisho wa ngoma aliwaambia wakatae. Walikula kiapo katika kaya. Serikali ilimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, nao wakatoroka wakarudi kwao. Mekatilili alicheza ngoma akiwa upande wa walioelemewa, na Wangu akiwa upande wa walioelemea. Tofauti yao ni hiyo. Haikuwa katika ngoma, wala katika kuwa wanawake, kwani wote wawili walikuwa wanawake na wote wawili walicheza.

Na Weithaga yenyewe ilitoa mwanamke mwingine ambaye hatuna budi kumtaja. Jina lake ni Mary Muthoni Nyanjiru. Mwezi wa Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku mjini Nairobi, kwa kuwa alikuwa akilalamikia kodi, kipande, na kutolewa kwa wanawake na wasichana kwa nguvu na machifu ili wakafanye kazi kwa walowezi. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume waliotumwa kuonana na wakubwa wa serikali walirudi wakiwataka watu watawanyike waende majumbani. Hapo Nyanjiru alisimama, akaipandisha nguo yake juu mbele ya wanaume hao, na kuwataka, kama wameogopa, wampe suruali zao wachukue nguo yake. Kwa Wakikuyu hiyo ni laana kubwa na tusi la mwisho awezalo mwanamke kumpa mwanamume. Umati ulisonga mbele, askari wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walihesabu zaidi ya hao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Msomaji atazame jinsi mambo yalivyofuatana. Uchifu ule ule ambao Wangu alikuwa mmoja wa watumishi wake wa mwanzo ndio uliokuja kuwasukuma wasichana mashambani, na ni mwanamke wa Weithaga hiyo hiyo aliyetoa uhai wake kuupinga. Nguo ya Wangu, kama kweli ilianguka, ilikuwa fedheha. Nguo ya Nyanjiru iliyopandishwa ilikuwa silaha. Lakini uliza leo katika miji ya mlimani ni jina lipi lililo midomoni mwa watu. La bibi aliyewakalia wanaume migongoni hulijua kila mtu. La bibi aliyetangulia mbele yao penye risasi halitajwi nusu ya hivyo. Watu hukumbuka kwa urahisi zaidi mwanamke aliyewaaibisha kuliko mwanamke aliyewafia.

MWIBA ULIVYOBAKI

Wala si zama za kale tu. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka 1940, akasoma hata akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Mwaka 1989 alipopinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Nairobi, jawabu la wakubwa wengi wa siasa halikuhusu jumba wala bustani. Lilihusu uanamke wake. Waliitaja talaka yake bungeni, na wakamkumbusha kuwa kwa mila ya Kiafrika mwanamke mwema humheshimu mwanamume na hunyamaza. Ghorofa hazikujengwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge wao, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011. Hoja yake juu ya miti ilishinda, lakini kwanza ilibidi ivuke ukuta ambao mwanamume mwenye hoja hiyo hiyo asingeukuta njiani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema kuwa katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kulitimiza jambo hilo, hata mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Magavana wanawake wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 2017, walikuwa watatu, mmoja wao Anne Waiguru wa Kirinyaga, chini ya mlima huo huo. Mwaka 2022 walichaguliwa saba katika kaunti 47, na miongoni mwao ni Fatuma Achani wa Kwale, binti wa pwani na Mwislamu.

Jambo hilo si geni kwetu kama wengine wanavyotaka tuamini. Masimulizi ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi miongoni mwa waliotawala mji zamani. Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma wakati Ngome ya Yesu ilipozingirwa, miaka ya 1696 hadi 1698. Na kila aliyepita chuoni amesoma katika Suratun Naml kisa cha malkia wa Sabai, aliyewakusanya wakuu wake akawataka shauri kabla ya kukata neno. Kisa hicho chamwonyesha mtawala asiyekurupuka. Wangu hakuwa hivyo, na Weithaga ilijuta. Wako wanaume wengi ambao hawakuwa hivyo, na nchi zao zilijuta pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usawa wa wanawake na wanaume katika kazi na katika madaraka hauna maana ya kuwa mwanamke asilaumiwe. Una maana ya kuwa alaumiwe kwa kile ambacho mwanamume angelaumiwa nacho, na asifiwe kwa kile ambacho mwanamume angesifiwa nacho. Gavana wa kike akila mali ya umma, aulizwe mali ya umma. Asiulizwe mume wake, wala nguo yake, wala ngoma aliyoicheza. Mhariri wa gazeti anapoandika habari za waziri mwanamke, aanze na kazi yake kama anavyoanza kwa waziri mwanamume. Mzee wa mtaa anaposuluhisha ugomvi wa sokoni, aitazame ratili, asitazame ni nani kavaa kanga.

Na siku mtu atakapomtupia bibi jina la Wangu wa Makeri ili kumnyamazisha, bibi huyo ana haki ya kumuuliza swali moja. Ana maana ya Wangu yupi? Yule aliyemfanya maskini kiti, au yule aliyeingia katika ngoma ya wanaume? Kama ni wa kwanza, basi amweleze ni nani aliyemkalia mgongo, naye ajirekebishe. Kama ni wa pili, basi hana deni la kulipa.